Mataa, kipilefti, trafiki au tuta: njia panda ya mtaani kwenu iombe kipi?

Mkutano wetu wa mtaa hapa Moshi ulichukua karibu saa tatu, na kilichotukalisha muda wote huo ni njia panda moja. Watoto wa shule ya msingi wanaivuka asubuhi na mchana. Vifodi, vile vibasi vidogo vya abiria, vinaipita vikielekea mjini. Bodaboda wana kijiwe chao kwenye kona, na ng'ambo ya pili wapo akina mama wa genge wanaovuka na mabeseni kichwani. Wazazi walitaka mataa. Vijana wa bodaboda walitaka kipilefti, ule mzunguko wa magari. Mwalimu mkuu aliomba trafiki awe anasimama pale kila asubuhi. Mzee mmoja aliyekuwa kimya nyuma kabisa, alipopewa nafasi, alisema neno moja tu: "Tuta."

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, wewe kalamu unaiweza. Hebu tupangie hivi vitu tuvione vikiwa pamoja kabla hatujaandika barua."

Nilikubali, na kabla sijaandika neno nilikwenda kusimama pale asubuhi tatu mfululizo nikiwa na daftari. Nayaweka hapa niliyoyaona na niliyoyasoma, kwa sababu Moshi na Arusha kuna mitaa mingi yenye njia panda kama yetu, na barua nyingi zinaandikwa kwa kutamani kitu kilichoonekana mjini.

Vitu vyote vinne vina kazi moja, kuamua nani apite na nani asubiri. Cha kujiuliza ni uamuzi huo umeegemea nini. Mataa yameegemea umeme na makubaliano ya watu. Kipilefti kimeegemea macho ya dereva na heshima yake kwa mwenzake. Trafiki ni mtu mwenye mamlaka, akiwapo yupo na akiondoka ameondoka nayo. Tuta halimwombi dereva kitu, linagusa gari lake tu.

Mataa

Anayetaka kuyaona mataa yakifanya kazi apande basi hadi Arusha, ashuke Sanawari kwenye barabara kuu. Asimame pembeni dakika kumi tu. Nyekundu ikiwaka, lori la mizigo, kifodi kilichojaa na gari la watalii vinasimama pamoja, na hakuna aliyeuliza nani mkubwa. Napenda sana jambo hilo. Tajiri na muuza ndizi wanasubiri sekunde zilezile. Mgeni aliyeingia mjini leo, asiyejua Kiswahili wala barabara zetu, anajua afanye nini, kwa kuwa lugha ile ameikuta kila alikopita. Hata asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani kwa macho anajua, maana kwenye nguzo nyekundu hukaa juu na kijani chini.

Taa ya kwanza ya kuongoza magari iliwekwa London mwezi Desemba 1868, karibu na Bunge la Uingereza. Ilitumia gesi, na polisi alisimama chini yake akiigeuza kwa mkono. Haikudumu. Mwanzoni mwa 1869 gesi ililipuka, polisi aliyekuwa zamu akaumia, na mpango ukaachwa. Ya umeme ilikuja Cleveland, Marekani, tarehe 5 Agosti 1914. Nayataja haya kwa sababu pale mkutanoni kuna aliyesema mataa yanajiendesha yenyewe. Tangu mwanzo yamekuwa na mtu nyuma yake: wa kuyageuza, wa kuyatengeneza, wa kupanga kila upande upewe sekunde ngapi. Njia panda isiyo na mtu wa kuyatunza itabaki na nguzo.

Umeme ukikatika, njia panda ya mataa inaharibika kuliko ile ambayo haikuwahi kuwa nayo. Dereva aliyezoea kuambiwa ameshasahau kuangalia. Kila mmoja anaamini zamu ni yake, wanaingia wote, wanafungana katikati. Ndiyo maana anayeomba mataa aombe na umeme wa jua wenye betri kwa pumzi hiyohiyo.

Halafu ipo njano. Watu wengi tumejifundisha kuwa njano maana yake ni kukazana. Njano inamwambia dereva ajiandae kusimama, na kama yuko karibu mno kiasi kwamba kupiga breki ni hatari, amalizie kupita. Tupige hesabu. Gari lenye spidi 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja anayotumia dereva kuona, kuelewa na kuhamisha mguu inamsogeza urefu wa vifodi vitatu hivi vilivyopangwa mstari, na breki bado haijaguswa. Anayekanyaga mafuta kwenye njano anaimaliza nafasi aliyoachiwa mtoto wa upande wa pili.

Mwenda kwa miguu naye anafaidika na mataa kwa sharti kwamba yana zamu yake, yule mtu wa kijani. Yasipokuwa nayo, au yakimsimamisha mno, hasubiri. Nimemwona mama mwenye beseni la nyanya kichwani akikata shauri katikati ya nyekundu yake, na sikuwa na moyo wa kumlaumu, maana shingo nayo ina kipimo chake. Sheria inayomchosha mtu mnyonge kuliko mwenye gari itavunjwa na mnyonge huyo, na yeye ndiye atakayeumia.

Kwa njia panda yetu niliona kasoro moja kubwa zaidi. Magari huwa mengi kwa muda mfupi asubuhi na muda mfupi jioni. Saa nne asubuhi unaweza kusimama pale ukahesabu mbuzi. Taa nyekundu kwenye barabara tupu inamfundisha dereva kuipita, na akishaipita mchana mtupu mara kumi, ile ya saa moja asubuhi, watoto wakivuka, ataiona kama zile kumi.

Kipilefti

Sisi wa Moshi hatuhitaji kuelezwa kipilefti. Mji wetu umejengeka kuzunguka kimoja, pale Mnara wa Saa. Arusha nao wana Mnara wao wa Saa, na wana cha Impala. Kanuni yake ni fupi kuliko zote: punguza mwendo, angalia kulia, aliyeko ndani ana haki, kisha ingia kwa kushoto.

Ufupi huo umetafutwa kwa muda mrefu. Uingereza, ambako nao wanaendesha kushoto kama sisi, walikuwa na mizunguko ya namna hii miaka mingi, na ilikuwa ikijifunga yenyewe. Anayeingia aliona ana haki sawa na aliyeko ndani, mduara ukajaa, wa ndani akashindwa kutoka. Mwaka 1966 wakaweka kanuni moja, anayeingia ampishe aliyemo. Barabara ni zileile, magari yaleyale, na foleni zikafunguka. Ukiniuliza nini hasa kinaendesha kipilefti, nitakutajia kanuni hiyo. Maua na saruji katikati ni pambo. Na siku madereva wakiacha kuifuata, mnarudi kwenye mduara uliojaa.

Kwa usalama wa magari, kipilefti kinaipita njia panda ya kawaida kwa mbali. Wahandisi huhesabu sehemu ambazo njia za magari mawili zinaweza kugongana. Kwenye makutano ya barabara nne ya kawaida sehemu hizo ni 32. Kwenye kipilefti chenye mstari mmoja tu wa magari ni 8. Na zile mbaya kuliko zote, gari kulichoma jingine ubavuni au kukutana uso kwa uso, karibu zinatoweka, kwa kuwa wote wanazunguka upande mmoja na wote wamepunguza mwendo. Umeme ukikatika, kipilefti hakina habari.

Vijana wa bodaboda hapo walikuwa na hoja nzito, na niliwaambia hivyo.

Lakini ngojeni Desemba. Ninyi mnaosoma mkiwa Arusha mnaijua, sisi ndio tunaoipokea. Wachaga wanarudi nyumbani, magari yanatoka Dar es Salaam mfululizo usiku na mchana, Himo hadi mjini ni taa za nyuma tu. Kipilefti kinataka mlingano. Barabara moja ikimwaga magari bila kukatika, waliosubiri upande wa kushoto kwake hawapati mwanya hata wa kupenyeza pikipiki. Hapo uungwana wa dereva unapimwa, yule anayesimama kidogo na kuashiria kwa mkono, pita ndugu yangu. Wapo, na nawashukuru. Ila mtaa hauwezi kupanga maisha ya watoto wake juu ya uungwana wa mtu anayewahi Rombo kabla giza halijaingia.

Na watoto wenyewe? Hapa ndipo kipilefti kilipoanguka kwangu. Hakina wakati ambapo magari yote yamesimama. Mtoto wa darasa la pili anatakiwa akadirie gari lile litatoka hapa au litaendelea kuzunguka, na hata mimi huwa nakosea, hasa dereva asipowasha indiketa. Dawa ipo. Kivuko kinachorwa nyuma ya mdomo wa kipilefti, urefu wa gari moja au mawili kabla ya kuingia, na kisiwa kidogo katikati ili mvukaji ashughulike na upande mmoja kwa wakati. Kinataka eneo. Kwetu, kuta za nyumba zimefika ukingoni mwa mtaro, na kupata eneo hilo ni kubomoa genge na kibanda cha fundi viatu.

Trafiki

Yeye ndiye pekee kati ya vinne mwenye macho. Anaiona gari ya wagonjwa inayowahi hospitali ya KCMC au Mawenzi na kuifungulia njia. Anauona msafara wa mazishi akauacha upite usikatwe. Anamwona bibi anayesita. Akiwa amesimama kwenye mataa, ishara ya mkono wake ndiyo inayofuatwa hata kama taa inasema jingine, na hiyo ni busara, maana sheria imetambua kwamba yapo mambo ambayo taa haiwezi kuyaona.

Ila ni mtu mmoja. Masika ya Aprili hapa Moshi mvua haimwagiki, inaporomoka, na siku hizo ndizo watoto wanakimbia barabarani na daftari wameziweka kichwani. Ana zamu, anaumwa, anaitwa kwenye ajali barabara kuu. Na tunajua kinachotokea akishageuka kona: kofia ngumu zinavuliwa, abiria wa tatu anapanda pikipiki, kifodi kinashusha katikati ya barabara. Tumejifunza kumtii yeye, kanuni yenyewe tumeiacha.

Kwa siku za gulio, Desemba, misiba na mbio za marathoni, mwombeni trafiki bila kusita. Kwa kila asubuhi ya mwaka mzima, ni vigumu kuahidiwa, na ni vigumu zaidi ahadi kudumu.

Tuta na zebra

Nilimfuata yule mzee baada ya mkutano.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu."

"Babu, mbona ulisema tuta tu, hukueleza?"

"Nieleze nini? Tuta halilali wala halisafiri. Dereva amelewa, amekasirika, anawahi, akifika pale atapunguza. Mengine yote yanataka awe mtu mwema kwanza."

Nimeligeuza neno hilo kichwani mara nyingi. Mzee amegusa penyewe, kwa sababu kinachoua mwenda kwa miguu ni spidi. Sheria yetu inaweka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kwa barabara ya mbele ya shule hata hiyo ni kubwa. Gari linalogonga kwa spidi 50 lina nguvu karibu mara tatu ya lile la spidi 30. Tofauti ya namba kwenye dashibodi inaonekana ndogo, tofauti kwenye mwili wa mtoto ni kati ya kuvunjika mguu na kuzikwa. Tuta lililojengwa vizuri linamshusha dereva hadi 30 au chini yake, saa 24, bila waya wala mshahara.

Nasema lililojengwa vizuri. Tuta la kitaalamu ni pana, karibu mita 3.7 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kimo chake hakizidi sentimita 10. Gari linapanda na kushuka taratibu. Yale tunayochimba wenyewe usiku mmoja baada ya ajali, ya udongo na mawe, membamba na marefu kwenda juu, yanavunja magari, yanamwangusha bodaboda aliyebeba mama mjamzito, na yasipopakwa rangi wala kuwekewa kibao yanaua usiku wale ambao yangewaokoa mchana. Najua hasira inayoyazaa. Mtaa wa jirani walichimba baada ya kumzika mtoto. Hata hivyo msichimbe.

Tuta lina gharama nyingine za kweli. Gari ya wagonjwa inachelewa, na mgonjwa wa mgongo analihisi kila moja. Maji yanatuama nyuma yake kama mtaro haukufikiriwa. Bodaboda wanalikwepa kwa kupita pembeni, palepale wanapotembea watu, kwa hiyo lazima liende mpaka ukingo wa mtaro. Na kwenye barabara kuu, ambako mabasi yanatoka na mwendo mkubwa, lazima litanguliwe na rasta, vile vijituta vyembamba vinavyotikisa gari, na vibao mbali vya kutosha, la sivyo basi linaliona likiwa chini ya matairi.

Zebra peke yake sikuiweka kwenye orodha, na wapo walionilaumu. Dereva anatakiwa ampishe aliyeko kwenye kivuko, hilo halina mjadala. Lakini nilisimama kwenye zebra moja ya mjini, nikaona watu wakisubiri magari yaishe ndipo wavuke. Rangi imekuwa mahali pa kusubiria. Ipandisheni zebra juu ya tuta na mambo yanageuka kabisa: dereva ameshapunguza, mtoto amesimama juu kidogo na anaonekana, na kumpisha hakumgharimu dereva kitu.

Vikiwekwa pamoja

Kama barabara zenu mbili ni pana, zote zina magari mengi kutwa nzima, na waendao kwa miguu ni wengi, ombeni mataa, yawe na zamu ya watu na umeme wa akiba. Kama magari yanagawana karibu sawa kwa kila upande, eneo lipo, na tatizo lenu kubwa ni magari kugongana yenyewe kwa yenyewe, kipilefti kidogo kitawafaa kuliko mataa. Narudia kidogo, kwa sababu kikubwa kinamruhusu dereva azunguke bila kupunguza. Kama shida ni ya siku na saa maalumu, trafiki. Kama ni mtaa wa makazi, shule au zahanati iko karibu, na kinachowatisha ni mwendo, basi ni zebra iliyoinuliwa juu ya tuta, na msishawishiwe kwamba ni kitu cha kijijini.

Hilo la mwisho ndilo lililotupa shida mkutanoni. Mataa yana fahari. Mama mmoja alisema waziwazi kwamba mtaa wenye mataa unaonekana umeendelea. Nikamkumbusha kitu ambacho sisi wa Moshi tunakijua kuliko wengi. Mji huu una sifa ya usafi nchi nzima, na faini ya kutupa takataka ipo, lakini ni nani aliyewahi kumwona askari kwenye kila kona ya soko akilinda maganda ya ndizi? Mgeni akidondosha chupa, anaambiwa na muuza maji, anaambiwa na mtoto wa shule, "Samahani, umeangusha." Anaokota. Nilitaka aone kwamba kanuni ikishakuwa mali ya watu, vyombo vyake vinaweza kuwa vidogo sana. Na ambako bado haijawa yao, chombo kiwe kile kisichotegemea hiari. Kwenye usafi tumefika. Kwenye kumpisha mtoto barabarani bado, na nalisema hili kwa uchungu, nikiwa mwalimu wa madereva wengi wa vifodi wanaopita pale.

Barua iende wapi

Angalieni kwanza barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa na za ndani ya mji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Njia panda inaweza kuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule, kama yetu, na hapo nakala ziende kote pamoja na kwa kikosi cha usalama barabarani. Ipitieni kwa mtendaji na diwani ili isikae mezani kwa mtu mmoja. Andikeni saa ambazo watoto wanavuka, upande wanaotoka, mahali maji yanapotuama, na mchoro wa mkono unatosha. Msiandike "tunaomba mataa" peke yake. Andikeni kinachotokea pale, mhandisi ataelewa.

Sisi tumeomba zebra mbili zilizoinuliwa, rasta upande wa barabara ya lami inayoshuka, vibao vya 30, na trafiki kwa wiki ya kwanza ya kila muhula na kwa Desemba nzima. Vijana wa bodaboda wamekubali kuhamisha kijiwe mita chache kutoka kwenye kona, kwa sababu pikipiki zilizopangwa pale zilikuwa zinamficha mtoto anayeingia barabarani. Hilo lilifanyika Jumatatu iliyofuata, bila barua.

Wakati tunasubiri majibu, wazazi wawili wanasimama kila asubuhi na kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye fimbo. Zamu imebandikwa kwenye mlango wa duka la jirani. Yule mzee ameomba aandikwe siku zote za Ijumaa.